Chura asiyetaka mvua

Nimekuwa kimya mno, na kuna walionipigia simu kuuliza kama nimeacha kalamu nikaenda kulima. Sijaacha. Nilikuwa likizo Newala, kwa bibi mzaa mama, na huko nikajiingiza kwenye shughuli niliyodhani ni mchezo wa siku mbili tatu: kumjengea chura nyumba ya kioo. Mchezo huo umenitoa jasho. Umenipeleka London ya mwaka 1829, New York ya mwaka 2000 na bonde la Kihansi, kisha ukanirudisha palepale nyuma ya nyumba, kwenye kisima cha sementi ambacho ufunguo wake bibi huufunga kwenye pindo la kanga. Leo ni ndefu, mnivumilie.

Tuanze na chura mwenyewe. Ilikuwa Oktoba, wakati jua la Newala linapowaka kana kwamba lina kesi na mtu. Mvua zilikuwa bado, mikorosho ilikuwa na mabibo, na vumbi limeingia hadi kwenye chumvi. Asubuhi moja nikamkuta chura amebandika tumbo lake ukutani, chini ya bati, pale ambapo jua la saa tatu lilikuwa linampiga moja kwa moja. Mweupe kama chokaa. Vidole vya miguu vina vitufe vya kunatia. Macho nusu yamefumbwa, mzee aliyeshiba anapumzika. Nilidhani amekufa akakauka. Nikamgusa, akasogea kidogo kwa hasira, akajibandika tena.

"Huyo mwache," bibi akasema. "Anakuja kila kiangazi. Mvua ikianza anaondoka."

Mimi nimekulia Dar es Salaam na chura ninayemjua ni yule wa mtaroni. Huyu wa ukutani alinishika akili. Jioni nikaingia kwenye intaneti kwa simu, nikaona picha za wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaofuga vyura wa miti: sanduku la kioo, ndani yake msitu mzima mdogo, majani mabichi yanatambaa, ukungu unapulizwa na mashine, chura wa kijani amekaa juu ya jani kama mfalme. Nikasema, aah, hiki nakiweza. Yule mkavu wa ukutani nitampa pepo yake.

Vioo nilivifuata Masasi. Wanaoijua njia ya kutoka Newala kwenda Masasi wanajua unavyoteremka kutoka ukingo wa uwanda wa juu hadi unaanza kuona ile milima ya mawe matupu ya Masasi imesimama tambarare kama mikate mikubwa iliyoanguka toka mbinguni. Fundi wa vioo sokoni alinikatia vipande vitano, akaniuliza ni vya kabati la chipsi? Nikasema vya chura. Akanitazama, akaongeza bei. (Huo ni utani. Bei ilikuwa ileile, lakini gundi ya silikoni aliniambia nipake mwenyewe.)

Nilijenga hivi: chini kokoto, juu yake mkaa uliopondwa ili maji yasinuke, juu ya mkaa kipande cha chandarua, kisha udongo mweusi wa bondeni. Nikapanda jimbi nililolitoa kwenye mteremko na kale kammea kanakotambaa kwenye makopo barazani kwa watu. Majani yote niliyaosha mara tatu, maana hapa kila kitu kiko karibu na mikorosho, na mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga, nami sikutaka kumlisha chura salfa. Juu nikafunika kioo, nikaacha ufa mdogo tu. Nikapulizia maji mpaka vioo vikatoa jasho. Kazi nzuri, nilijisifu. Nikamtia mwenyewe ndani.

Halafu nikaenda kisimani kuchota ndoo ya pili, na hapo ndipo bibi alipotoka jikoni.

"Hayo maji unampelekea nani?"

"Chura, bibi."

"Chura?" Akaiweka ndoo chini kwa mkono wake mwenyewe. "Maji ya kunywa, ndoo mbili, chura? Mjukuu wangu, wewe hujui maji ya Newala yametoka wapi."

Kweli sikujua. Nilijua kwamba kisima kile kinapokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, basi. Sikujua kwa nini kila nyumba ya mtu mwenye uwezo kidogo hapa inaanza na bati na kisima kabla ya sofa. Bibi akanikalisha kwenye kigoda, na somo la historia ambalo sikulipata shuleni nikalipata siku ile.

Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Siyo kwamba mvua hainyeshi. Inanyesha, tena vizuri, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Lakini udongo ni wa kichanga na wenye kina, maji yanazama moja kwa moja na kwenda kutokea chini kabisa, mabondeni, kwenye chemchemi za miteremko. Watu wako juu, maji yako chini. Bibi alipokuwa msichana, wanawake walikuwa wanaondoka alfajiri na giza, wanateremka ukingoni, wanangoja zamu kwenye chemchemi inayotoa maji kwa kudondoka, kisha wanapanda tena na mtungi kichwani. Jua likiwa kali chemchemi inachoka, zamu inakuwa ya kulala hukohuko. "Ukijikwaa ukavunja mtungi," aliniambia, "hulii kwa ajili ya mtungi. Unalia kwa sababu unarudi."

Sasa mtu atauliza, kwa nini walikaa juu basi? Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, na katika kitabu chake cha mwaka 1908 ameisimulia asili ya Wamakonde kama ilivyokuwa ikisimuliwa. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka kuwa mwanamke. Wakazaa bondeni karibu na maji, mtoto akafa. Wakasogea, wakazaa tena, akafa tena. Walipopanda juu kabisa, mtoto akaishi. Tangu hapo ikawa ni wosia: usijenge karibu na maji makubwa, maana huko ndiko kuna maradhi. Ukifikiria malaria na mbu wa mabondeni, na ukifikiria pia wavamizi wa karne ya 19 waliokuwa wanapita kwenye njia za chini (Masasi ilishambuliwa na kuchomwa na Wangoni mwaka 1882), unaona wosia huo haukuwa wa kijinga hata kidogo. Watu walichagua afya na usalama, na bei yake wakailipa kwa shingo za wanawake.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaanza mradi wa kuyapandisha maji kwa mashine kutoka bonde la Kitangari. Kuanzia miaka ya 1970 Wafini wakaja kusaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi, wakakaa hadi miaka ya 1990. Chanzo cha Mitema, huko Kitangari, ndicho jina unalolisikia kila bomba linapokohoa hewa badala ya maji. Na linakohoa sana, ndiyo maana bibi ana kisima, ndiyo maana kisima kina kufuli.

Basi ndoo ya pili ikarudi kisimani. Tukakubaliana kikombe kimoja kwa siku.

Siku ya nne chura wangu akabadilika. Ule weupe wa chokaa ulikuwa umeondoka, akawa wa kahawia iliyokolea, kama gome lililolowa. Panzi wadogo niliokuwa namtilia wakawa wanamtembea mgongoni bila yeye kujali. Alikuwa amejibana kwenye kona ya juu kabisa, pua yake iko kwenye ule ufa mdogo nilioacha. Nilimpa pepo, naye alikuwa anatafuta mlango.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa dhati, na nikaanza na swali ambalo ningepaswa kuanza nalo kabla ya kwenda Masasi: hili sanduku ni la nani? Nani aliwaza kwanza kuweka mvua ndani ya kioo?

Jibu ni daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliyekuwa anaishi mashariki ya mji ule, mahali pa viwanda na moshi. Alipenda jimbi, lakini moshi wa makaa ya mawe uliyaua yote bustanini kwake. Mwaka 1829 aliweka kifukofuko cha nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, akisubiri nondo atoke. Badala ya nondo akaona jimbi na jani linachipua. Maji yalikuwa yanapanda kama mvuke mchana, yanaganda kwenye kioo, yanashuka tena usiku. Mvua ileile, inazunguka, haihitaji mtu. Mwaka 1833 alipakia masanduku ya namna hiyo kwenye meli hadi Sydney, na mimea ikafika hai baada ya miezi baharini. Mwaka 1842 akachapisha kitabu. Baada ya hapo dunia haikuwa tena ileile: Robert Fortune aliitoa miche ya chai China na kuipeleka India kwa masanduku ya Ward, na bustani za kikoloni zikawa zinabadilishana mimea kama watoto wanavyobadilishana gololi. Kila sanduku la chura unaloliona leo kwenye picha za intaneti ni mjukuu wa chupa ile.

Tazama basi nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimechukua dawa ya mtu aliyekuwa anapigana na moshi wa London, nikaileta Newala. Kioo kilichofungwa kinatunza unyevu kwa sababu jimbi linaukosa. Je, chura wangu aliukosa?

Nikatafuta jina lake. Hapa kwetu hana zaidi ya chura wa kiangazi, lakini vitabuni anaitwa Chiromantis xerampelina, na aliyempa jina hilo ni Wilhelm Peters wa Berlin, mwaka 1854, baada ya safari yake ya Msumbiji ya 1842 hadi 1848. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa majirani zetu. Kuna chura mwingine wa miti ambaye jina lake la kitaalamu lilitolewa kwa chura wa mdomo wa Ruvuma: Leptopelis flavomaculatus, aliyeandikwa na Albert Günther mwaka 1864 kutokana na mkusanyo wa Dk. John Kirk, yule aliyekuwa na Livingstone. Kirk huyohuyo baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1873, soko la watumwa lilipofungwa. Na baada ya soko kufungwa, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachwa huru kuwarudisha bara, akaishia kuwaweka Masasi. Kwa hiyo mtu aliyepeleka chura wa Ruvuma London ni miongoni mwa waliohusika na sababu ya mji wa Masasi kuwa na kanisa. Historia ya huku kwetu ni nyembamba hivyo, ukivuta uzi mmoja zinakuja nguo tatu.

Lakini angalia vyura wale walisafirije. Ndani ya chupa za spiriti. Wamekufa, wamenyooka, wana namba. Kioo cha kwanza kumpokea chura wa kusini kilikuwa cha maiti, na jina lake lilitolewa na mtu ambaye hakuwahi kumwona amekaa ukutani kwenye jua la Oktoba. Silalamiki, bila wao nisingepata pa kuanzia. Ila huwezi kujenga nyumba ya kiumbe kwa kutazama maiti yake.

Newala yenyewe iliwahi kuwa na mtu aliyejua kuweka viumbe hai kwenye masanduku. C. J. P. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, aliyezaliwa mwaka 1901. Kwanza alikuwa jangili wa pembe za ndovu, kisha akawa bwana nyama upande wa Liwale, akiwa mmoja wa waliolijenga pori la Selous. Alipostaafu miaka ya 1950 alihamia Newala kwa sababu moja: nyoka. Mwandishi Margaret Lane alikuja kukaa naye akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Watu walimwita Bwana Nyoka. Alikamata hongo wa kijani na bafe wakubwa kwa maelfu, akawa anawapeleka kwenye makumbusho na bustani za wanyama. Alifariki mwaka 1968. Nilipomtajia bibi jina hilo alicheka mpaka akashika mbavu. "Wakati ule ukiona nyoka humuui, unakimbilia kutoa taarifa upate hela." Jina la mtu huyo limebaki kwa kiumbe mmoja wa kusini anayefanana na nyungunyungu mwenye magamba, Loveridgea ionidesii. Nusu ya kwanza ya jina ni ya Arthur Loveridge, aliyekuwa Tanganyika kabla ya kwenda Harvard na aliyeandika karibu kila mjusi na chura wa Afrika Mashariki.

Sasa kuna Loveridge mwingine, msiwachanganye. J. P. Loveridge, aliyekuwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na ndiye aliyeniokoa. Mwaka 1970 alichapisha utafiti wake kuhusu chura huyuhuyu wangu. Aligundua kwamba anapoteza maji kidogo sana kupitia ngozi, karibu sawa na mjusi, jambo ambalo kwa chura ni maajabu, maana chura wa kawaida ukimwacha juani ni kama kitambaa kilicholowa. Tena badala ya kukojoa mkojo wa maji mengi, anatoa uchafu kama uji mweupe mzito, kama ndege na mijusi wanavyofanya, ili asipoteze tone. Ule weupe wake juani siyo ugonjwa wala ukavu. Anajifanya mweupe ili jua lidunde. Joto likizidi kabisa ndipo anatoa jasho kidogo la kujipoza, kwa hesabu.

Yaani huyu ni chura wa uwanda wa Makonde hasa. Amejipanga kama bibi alivyojipanga. Ana kisima chake ndani, na kufuli.

Nilisoma hayo nimekaa barazani usiku, simu ina asilimia tisa za chaji, na nikaona aibu. Nilimwona mkavu nikadhani ana shida. Nikamtia kwenye moshi... samahani, kwenye mvuke wa London, na ufa wa sentimita moja wa kuvutia hewa.

Kabla sijawaambia nilichofanya, lazima nipite Kihansi, kwa sababu kuna chura wa Tanzania ambaye mvua ya kwenye kioo ndiyo iliyomwokoa, na huwezi kuelewa kosa langu bila yeye.

Chini ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye Udzungwa, palikuwa na kieneo cha kama hekta mbili hivi ambacho rasharasha za maji hazikomi usiku na mchana. Hapo, na si mahali pengine popote duniani, aliishi chura mdogo wa njano asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya kutaga. Alionekana na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Mmoja wa waliomwandika kitaalamu ni Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mitambo ilipowashwa, mwaka 1999 na 2000, megawati 180, sehemu kubwa ya maji ya mto yaligeuziwa njia. Rasharasha zikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Marekani, Bronx Zoo ya New York, na baadaye wengine wakahamishiwa bustani ya Toledo, Ohio.

Huko waliishi kwenye nini? Kwenye masanduku ya mvua. Wataalamu wakapata taabu kweli: magonjwa, chakula, aina ya mwanga, kiasi cha unyevu. Walikufa wengi, ikafika wakati waliobaki hawafiki 100. Hukohuko bondeni serikali ilifunga mabomba ya kupulizia maji, na vyura waliobaki wakaongezeka, halafu mwaka 2003 wakaporomoka kwa ghafla; ugonjwa wa ukungu wa ngozi uitwao kitridi ulikuwa umeingia. Baada ya muda hawakuonekana tena, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Walikuwa hai ndani ya vioo tu. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam, kwenye chumba maalumu chuoni, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa tena Kihansi.

Wakati ule kulikuwa na ubishi mkali, na haujaisha. Nchi ina mgawo wa umeme, halafu tunaambiwa habari za chura! Mimi mwenyewe nimeusikia ubishi huo kwenye daladala na kwenye chumba cha habari, na nilikuwa upande wa umeme bila kufikiri mara mbili. Nilimsimulia bibi kisa chote. Akasikiliza huku anapeta mchele, mwisho akauliza:

"Kwa hiyo walimnyang'anya chura maji wakapata taa."

"Ndiyo, bibi."

"Na taa hizo zilifika hapa?"

Nikanyamaza. Kwa miaka mingi Mtwara haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wetu wa uhakika ulianza kutoka kwenye gesi ya Mnazi Bay katika miaka ya 2000. Megawati za Kihansi hazikuwahi kumpunguzia bibi kibatari hata kimoja. Sikusema hivyo kumtetea chura, na bibi hakuuliza ili kumtetea. Aliuliza kama mtu aliyezoea kuona maji yanapelekwa mahali pengine, na anataka kujua kwa nani.

Waliojenga masanduku ya Kihansi walikosea mara nyingi, lakini kila siku walirudi kuuliza kule alikotoka kulikuwaje: tone lina ukubwa gani, baridi kiasi gani, usiku kuna nini. Mimi sikuuliza hata swali moja, na nilikuwa nimekaa palepale alikotoka! Hatua ishirini kutoka ukutani. Nimewakumbuka wale Waingereza wa mpango wa karanga, waliofyeka pori la Nachingwea baada ya mwaka 1947 na matrekta ya vita, wakajenga hadi reli na bandari, na karanga zikakataa. Kila nikipita huko huwa nawacheka. Safari hii nimecheka kidogo.

Asubuhi nikabomoa. Nilitoa kioo cha juu na vioo viwili vya ubavuni, nikavifunga nyavu za madirishani. Jimbi nikalirudisha mteremkoni. Udongo uliolowa nikautoa, nikaweka mchanga mkavu wa hapahapa, kipande cha gome, mkonge pori mmoja, na tawi kavu la mkorosho limelala mshazari hadi juu ambapo jua la asubuhi linafika. Maji yakawa kisahani kimoja, kinawekwa jioni, maana hawa hushuka usiku kujiloweka. Kikombe cha bibi kikawa kinatosha siku tatu.

Siku ya pili alikuwa juu ya tawi, amekunja miguu chini ya tumbo, rangi inarudi kijivu. Siku ya tatu, mweupe. Usiku wake nikasikia nondo anapiga taa ya simu yangu, halafu akawa hapigi tena. Nilipomulika, mabawa yalikuwa yanachungulia kwenye kona za mdomo.

Nikiri jambo. Rafiki yangu aliyesomea wanyamapori alinikumbusha kwamba kwa sheria ya mwaka 2009 mnyama pori hakamatwi na kufugwa bila kibali, na kwamba tangu mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, baada ya miaka mingi ya mijusi, kasa wa nchi kavu na vyura wetu kupakiwa kwenye ndege kwa ajili ya masanduku ya watu wengine. "Wewe kibali unacho?" Sina. "Basi huyo alikuwa mgeni wa ukutani kwenu. Mrudishe ukutani." Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu za kumpandisha basi hadi Dar, nisiwafiche.

Nikafungua wavu jioni hiyo. Hakutoka. Alikaa kwenye tawi lake siku mbili mlango uko wazi, nikafurahi kijinga. Siku ya tatu alikuwa ukutani, chini ya bati, mahali pake.

Mvua ya kwanza ilifika nikiwa nimeongeza siku za likizo kwa kisingizio. Ilinyesha usiku, ikapiga bati mpaka hatusikilizani, na bibi akatoka na tochi kusikiliza kisima kinavyojaa. Anajua kwa sauti kimefika wapi. Asubuhi ukuta ulikuwa mtupu. Wiki moja baadaye, kwenye mti ulioinamia dimbwi la barabarani, niliona povu jeupe kama ngumi linaning'inia tawini. Ndivyo wanavyotaga: jike anapiga povu kwa miguu, madume wanamzunguka, mayai yanakaa ndani ya povu lisilokauka haraka, na baada ya siku tano sita hivi viluwiluwi vinadondoka kwenye maji ya chini. Kama dimbwi bado lipo. Watoto wa jirani waliniambia ni mate ya shetani, nikawaeleza, wakaniona sina kazi.

Sanduku nimeliacha Newala. Bibi amelisugua kwa majivu, amelijaza udongo wa samadi, na amepanda miche ya mipapai ndani, kwa sababu kuku hawawezi kupita kwenye wavu. Juzi amenipigia simu. Imeota kumi na moja, na anataka nimtafutie kioo cha juu, kile nilichokitoa, anasema usiku maji yanapotea bure.